Mwaka wa Betri za Kuanika

Mwezi uliopita Somoe, jirani yangu wa ujanani, alimwoza binti yake wa mwisho kule Lindi, na mimi, ambaye safari yangu ndefu ya kawaida ni kutoka kitandani hadi dirishani, nikavaa kanzu yenye harufu ya sanduku, nikaenda. Sikwenda kwa kupenda sherehe. Nilikwenda kwa sababu Somoe alinipigia simu mara tatu, na mara ya tatu akasema, "Usipokuja nitakuja kukubeba, na mgongo wangu ukivunjika utaniuguza wewe." Ukumbini nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, karibu mno na spika, nikaletewa sahani ya pilau na soda ya moto. Kijana mpiga muziki, kofia kaigeuza nyuma, kompyuta mbele yake, akafungulia ule muziki wao wa siku hizi unaokimbia kama mtu aliyekumbuka chungu kakiacha motoni. Watoto, mabibi, hata bwana harusi mwenyewe, wote wakaingia katikati kutetemeka. Nilikuwa ndiyo kwanza napeleka kijiko mdomoni pale Somoe, bibi mzima wa wajukuu sita, alipopenya kati ya watu, akaniinamia sikioni na kupiga kelele: "Heme! Unasikia? Betri zako hizo!" Nikacheka mpaka wali ukanipanda puani. Bwana wa kiti cha jirani akanipiga mgongoni akidhani nimekwamwa na mfupa. Nisingeweza kumweleza pale. Ni habari ya mwaka mzima, na inaanzia chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, nyumbani kwa mama yangu mkubwa, Bi Hadija, hapa hapa Kilwa Masoko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Lindi, na matokeo yangu nitayaeleza kwa ufupi kwa kuwa yenyewe yalikuwa mafupi. Nilirudi na sanduku la bati, kamusi isiyo na jalada, na nia moja: kukaa ndani. Vijana wenzangu walishinda kwenye baraza la fundi baiskeli wakibishana mpira. Mimi nilipenda mlango unaofungika, kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama jiko, na ukuta wa udongo ambao haukuwa na uwezo wa kuficha jambo. Nikiwa nimelala chali niliujua mtaa mzima: nani kaachwa, nani kanunua baiskeli, nani kachemsha ming'oko sufuria nzima na hakupeleka hata kipande kwa jirani. Kwetu msichana akikua alikuwa anawekwa ndani, anaitwa mwali, na kungwi wake anamfunza. Mimi nilijiweka ndani mwenyewe bila kungwi, kwa hiyo wale wa baraza la baiskeli wakanipa jina la Mwali. Nikitoka kwenda kununua mafuta ya taa, mmoja anapaza sauti, "Mwali katoka! Geukeni ukutani!" na wote wanageuka kweli, watu wazima na spana mikononi. Leo wananiita mzee Hemedi, wananiamkia shikamoo, na nikipita hakuna anayegeukia ukuta. Nakiri kwamba huwa napungukiwa na kitu.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa jina vilianza kuonekana kwa macho: sabuni yenye harufu, suruali za mitumba zenye mifuko magotini, na redio. Ausi, kaka yake Somoe, alikuwa baharia, na safari moja alirudi kutoka Unguja na redio kaseti kubwa yenye milango miwili ya kanda, moja ya kuchezea na moja ya kurekodia. Akaniomba nimtunzie wiki mbili. Akaenda Mafia kuoa, akasahau kurudi. Humo ndani mlikuwa na kanda isiyo na maandishi, na siku niliyobonyeza kitufe nilikaa kitandani kinywa wazi. Muziki wake haukuwa na mwimbaji. Haukuwa na gitaa. Ulikuwa ni mdundo mmoja, du, du, du, kisha kitu kama kengele, kisha kitu kama maji kwenye bomba, na mdundo ukarudi palepale bila haraka ya kufika popote. Nilihisi mtu fulani, mahali fulani mbali, naye amejifungia chumbani. Bi Hadija alikuwa uani anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Hemedi! Mwenye wimbo kaenda wapi?"

"Hauna mwenyewe, mama. Inapiga mashine."

"Mashine ya kusaga?"

"Mashine ya muziki."

"Basi mwambie aliyeipeleka huko amesahau unga wake," akasema, akaendelea na nazi. Baada ya muda nikasikia mbuzi ya nazi inakwenda sawasawa na mdundo, hapotezi hata pigo moja, na nadhani mwenyewe hakujua.

Neno lake lile la mashine ya kusaga ndilo lililonifanya nilivyo. Siku ya pili nilifanya jambo la ajabu: nilitoka nyumbani kwa hiari yangu, nikaenda hadi mashine ya soko, nikaweka redio juu ya gunia na kurekodi injini ikiwaka, ikikohoa, ikitulia. Nikawarekodi Somoe na wenzake wawili wakitwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja. Nikarekodi cherehani ya Somoe, debe likijazwa maji, na mdomo wangu mwenyewe nikiiga ngoma. Halafu nikajifungia kuunga. Kazi yenyewe ilikuwa ya kidole gumba. Unachezesha kanda hii, unarekodi kwenye ile, na penye pigo unalolitaka unabonyeza kitufe cha kusimamisha, unarudisha nyuma, unaachia tena, pigo kwa pigo, mpaka michi mitatu inatwanga dakika kumi bila mtu kuchoka. Ukichelewa kidogo tu, unaanza upya. Kanda ikilegea unaikaza kwa kalamu ya wino. Nilifanya hivyo toka asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, siku baada ya siku, na gumba langu la kulia mpaka leo limepinda.

Umeme haukuwapo kwetu. Nguzo zilipita mbele ya nyumba, lakini kuingia ndani hazikukaribishwa. Redio ile ilikula betri sita zile nene, na zikichoka nilifanya kama kila mtu wa pwani hii alivyofanya: nilizianika juani. Bi Hadija alikuwa na ungo mmoja wa kuanikia, hivyo dagaa walikaa upande huu, betri upande ule, na yeye katikati na fimbo ya kufukuzia kuku. "Siku moja," aliniambia, "nitakukaangia hizi na limau, halafu tuone utawasha nini." Betri ya kuanikwa hupona, lakini hupona kama mgonjwa aliyelazimishwa kwenda shamba. Inatembea, ila usiihimize.

Kanda ya kwanza niliyoimaliza niliiandika jina la DJ Mwali kwa hasira, ili wale wa baraza waone siumii. Somoe akanakili moja, akampa utingo wa gari la Lindi aliyekuwa anamtolea macho. Utingo akaipiga njia nzima. Baada ya mwezi ilikuwa inapigwa kwenye magari mawili, kwa kinyozi wa Kivinje, na, kama Somoe alivyoapa, hata kwa mganga mmoja wa Kinjumbi kwa ajili ya wagonjwa wake wenye pepo. Hakuna aliyejua Mwali ni nani, hata walionipa jina hawakunidhania, maana Mwali wao alikuwa hatoki ndani. Nilipita barazani nikawasikia wale wale wenye spana wakibishana: mmoja anasema huyo Mwali ni Mzungu, mwenzake anasema Mmakonde wa Newala, ana mkono mmoja. Nikarudi chumbani nikalala na furaha ambayo sijaipata tena: kusifiwa na watu wanaokucheka, wasijue ni wewe. Kama ingewezekana kuishi hivyo maisha yote, ningeishi.

Halafu ikaja barua, wiki moja kabla ya Ramadhani, mkononi mwa utingo. Bwana Kassimu wa Lindi alikuwa amekodi ghala tupu lililokuwa likihifadhi korosho, kalipaka rangi ya bluu, kaligeuza ukumbi wa disko. Aliandika kwamba anamtaka DJ Mwali aje mwenyewe, Idd Pili, disko la mchana, watoto kwa wakubwa, kuanzia saa nane. Nilimwambia Somoe aandike jibu kwamba DJ Mwali amefariki. Akakunja barua, akaitia kifuani. "Nishamwambia utakuja," akasema. "Na shangazi yangu wa Lindi keshaandaa pa kulala. Lia sasa, umalize kabla ya mfungo."

Ningekataa mpaka mwisho kama si yale niliyoyasikia kupitia ukutani, alasiri moja ya Ramadhani, saa ile ambayo njaa inawafanya watu kuwa wakweli. Mjomba Saidi alikuwa amekuja kutoka Nachingwea. Nilikuwa nimelala kwenye kamba zangu, tumbo limeshikana na mgongo, nikimsikia Bi Hadija anamenya magimbi ya futari.

"Mtoto ana kidato cha nne, Hadija, anakaa uani na redio. Watu wamekuja kununua korosho, kampuni mpya hizi, wanataka vijana wa kupima na kuandika. Nishawaambia ninaye."

"Nachingwea?"

"Nachingwea. Kuna tatizo?"

"Huyu akifika Kivinje tu anarudi na homa."

"Ndiyo maana aende! Kijana gani huyu? Hata kuku wenu hawamtambui."

Kisu kikaacha kumenya. Nikasubiri mama mkubwa anitetee. "Ameitwa Lindi Idd Pili," akasema polepole. "Kupiga hizo kelele zake mbele za watu. Tufanye hivi, Saidi. Wakimpokea, chumba ni chake na kelele ni zake, na wewe usilete tena habari ya korosho. Wakimzomea, njoo umchukue, na mimi nitamfungia nguo mwenyewe." Kisha akapaza sauti, bila hata kugeukia ukuta: "Umesikia, Hemedi?"

"Nimesikia, mama," nikajibu, maana kujifanya nimelala kungekuwa matusi.

Nikajikuta kwenye hali ambayo hata leo nikiikumbuka naona ilinifaa kabisa: ili niruhusiwe kukaa ndani, ilibidi kwanza nitoke. Nikaamua kuwapelekea Lindi kanda mpya, kazi yangu tupu, ambayo nitaitia kwenye mashine na kujificha nyuma yake. Mvua zilikuwa zimeanza, Rufiji imefurika, magari ya Dar hayapiti, na madukani betri mpya hazikuwapo hata ya tochi. Nikategemea jua la vipande. Mara tatu kwa siku tulikimbia mimi na Bi Hadija kuokoa ungo, yeye anaokoa dagaa, mimi betri. Nikarekodi upya kila kitu, mashine, kinu, debe, kwa betri hizo hizo, na kwa heshima ya mfungo nikasikiliza kwa sauti ndogo, sikio nimelibandika kwenye spika. Ilikuwa nzuri. Ilikwenda pole, kwa mzigo, kama jahazi la chumvi. Na kwa kuwa nilijua sitaweza kusema neno mbele ya watu, mwanzoni nikarekodi salamu, kwa sauti nzito niliyoinyonya kutoka tumboni, ile ya wasomaji wa taarifa ya habari: "Assalaam aleikum, wana Lindi. Mimi ni DJ Mwali, kutoka Kilwa. Tulieni, msikilize." Nilipoisikiliza nilijitisha mwenyewe.

Idd Mosi tuliswali, Bi Hadija akanifungia pilau kwenye jani la mgomba na kitambaa, akanitazama kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani, nikapanda gari na Somoe. Kwenye mto Mbwemkuru tulishushwa tukavuka daraja kwa miguu, redio nimeibeba kichwani ingawa nilijua huko kuna mashine kubwa ya ukumbi. Nilitaka tu kitu cha kutoka chumbani kiwe karibu. Somoe alikula pilau langu nusu. "Wewe huna hamu," alinieleza. Kesho yake saa nane tulikuwa mlangoni. Bwana Kassimu, mnene, miwani ya jua, akanisalimia huku anatazama nyuma yangu kumtafuta DJ. Alipoelewa kwamba ni mimi akasema "Ala," akanipeleka nyuma ya pazia la magunia, penye meza, mashine ya kanda inayotumia umeme, na taa moja nyekundu. Ghala lilikuwa limejaa. Watoto wa Idd na miwani ya karatasi, wasichana wa kanga mpya, wazee wamesimama ukutani kuangalia upotofu. Harufu ya korosho za zamani ilikuwa bado kwenye sakafu. Nikatia kanda. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya kifaranga. Siwezi kuieleza vingine: kifaranga aliyekanyagwa, anawasalimia wana Lindi kwa haraka, anawaomba watulie. Kisha mashine ya kusaga ikaingia mbio, na michi mitatu ya kina Somoe ikafuata kama wanatwanga huku wanafukuzwa. Hapo hapo nikaelewa. Wakati narekodi, betri zilikuwa zimechoka, kanda ilikuwa inatembea pole. Sasa imepewa umeme wenye afya inakimbia kama ilivyostahili. Pole niliyoisikia chumbani haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya betri. Huko mbele mtu akapiga mluzi, kisha wote: "Zima! Zimaaa! Kanda inaliwa na mashine!" Mama mmoja akauliza kwa sauti nani kampa mtoto maiki. Bwana Kassimu akavua miwani, akazima. "Bwana mdogo, hii nini?"

Nyuma yangu palikuwa na mlango wa kupakilia magunia, uko wazi, na jua la Lindi limejaa nje. Nikaufuata. Somoe alikuwa amesimama katikati yake, anakula ubuyu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani gani? Ukipita mlango huu, nyumbani kwako ni Nachingwea." Akatema kokwa. "Rudi kawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli, Heme. Uongo gani utaujua wewe, umekaa ndani mwaka mzima?"

Sikumbuki kulipita lile pazia. Nakumbuka maiki ilikuwa ya moto, na nyuso zilikuwa nyingi kuliko nyuso zote nilizokuwa nimeziona mwaka ule zikijumlishwa. "Jamani," nikasema, na sauti yangu halisi, ya kati, isiyo nzito wala kifaranga, ikatoka kwenye spika nne. "Yule ni mimi. Samahani. Nilirekodi kwa betri za kuanika."

Mzee mmoja wa ukutani, mwenye kofia ya viua, akasogea hatua moja mbele. "Ulizianika siku ngapi?"

"Tatu, mzee. Ya tatu ilinyesha."

Sijawahi tena kusikia kicheko kama kile. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuacha betri juani na kusikiliza taarifa ya habari inayolegea mpaka msomaji anasinzia. Walicheka wakishikana. Msichana wa mbele akapiga kelele, "Basi rudisha hiyo mvua tuicheze!" na Bwana Kassimu, ambaye alijua biashara yake, akabonyeza kabla sijarudi kwenye pazia. Nikabaki mbele, mikono inaning'inia. Wakacheza. Na kwa kuwa betri zilizidi kufa kadiri nilivyokuwa narekodi, kanda ilizidi kuongeza mwendo kila dakika. Kila walipodhani wameuzoea mwendo, michi inakazana zaidi. Wakubwa wakaanza kutoka mmoja mmoja wakishika viuno. Wasichana wakafuata. Mwisho walibaki watoto wenye miwani ya karatasi, wanatetemeka kwa mwendo ambao jicho halikuweza kuufuata, na yule mzee wa kofia, ambaye hakuwa anacheza, ila bega lake moja lilikuwa limekataa kumsikiliza. "Rudi Mfunguo Tatu, Idd Kubwa," Bwana Kassimu akaniambia. "Na betri hizo hizo." Nilirudi, na nikaendelea kurudi miaka saba, na hiyo ndiyo kazi yangu yote ya udijei: siku mbili kwa mwaka nje, zilizobaki ndani. Vijana wa leo wanakimbiza muziki kwa makusudi na wanajua wanachokifanya. Mimi nilikimbizwa.

Tuliporudi Masoko habari zilikuwa zimetutangulia kwa utingo, tena zote mbili, ya kuzomewa na ya kuchezwa. Mjomba Saidi alikuwa amekaa uani na mkoba wake magotini. Gari la Nachingwea lilikuwa linaondoka alfajiri. Nguo zangu nilizikuta zimefuliwa na kukunjwa juu ya kiti, ila hazijafungwa. Bi Hadija akaniletea maji ya kunywa, akangoja nimalize kikombe.

"Wamekuzomea?"

"Wamenizomea, mama."

"Wamecheza?"

"Wamecheza."

"Umeona?" Mjomba akasimama. "Kakiri mwenyewe. Kazomewa. Maneno yalikuwa hayo, Hadija."

Mama mkubwa aliingia chumbani kwangu, ambako mwaka mzima alikuwa haingii zaidi ya kupitisha ufagio, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akaziweka kanga zake sawa na mikono mapajani, kama watu wanavyokaa msibani au hospitali. "Washa," akasema. Betri zilikuwa mpya, Somoe alizikuta Lindi. Nikaweka kanda. Kifaranga akasalimia. Uso wake haukubadilika. Mashine ya soko ikapita, michi, debe, cherehani, mwendo ukipanda, na yeye katazama ukuta ule mwembamba ambao toka upande wa pili aliusikiliza mwaka mzima. Nilijaribu kusoma chochote usoni pake nikashindwa. Mjomba alisimama mlangoni, mkoba begani, anahamisha uzito mguu huu na mguu ule. Ilichukua nusu saa, na mimi niliivumilia yote nikiwa nimesimama. Mwisho upande wa kwanza wa kanda ukafika ukingoni, kitufe kikaruka chenyewe, tak, chumba kikanyamaza.

"Haya," Mjomba akasema. "Tumesikia. Afunge nguo."

Bi Hadija hakumtazama. Alinitazama mimi, akanyoosha kidole kwenye redio.

"Geuza," akasema.